Kufunga darubini kwenye bunduki ya shabaha, na bunduki gani ununue kabla hujamaliza pesa

Mwezi jana kijana mmoja tunayepiga naye shabaha alinipigia simu, "Ami, darubini yangu imekufa, nimetupa risasi hamsini na hata mbili hazikukaa pamoja, nataka niiuze nitafute ingine." Nikamwambia asiuze kitu, aje nayo Jumamosi. Alipokuja nikashika darubini kwa mkono mmoja na kitako kwa mkono wa pili, nikapindisha kidogo tu, ikalia trrk. Skrubu mbili za reli, kile chuma juu ya bunduki kinachobeba darubini, zishalegea, moja ilikuwa inazunguka kwa ukucha. Darubini nzima, mtutu mzima, na pesa za risasi zishaingia kwenye tuta la mchanga bure. Nikamuuliza nani alikufungia, akasema "nilifunga mwenyewe, nikakaza sana." Alikaza sana zile za juu zinazoonekana, za chini hakuzigusa manake zilikuja zimefungwa na muuzaji.

Basi nimeona niandike, manake hii si mara ya kwanza wala ya tano. Watu wananunua darubini ya pesa nyingi wanaifunga kwa ringi, zile pete zinazoishika juu ya reli, za bei ya chipsi, halafu wanalaumu bunduki.

Kwanza karatasi, fupi tu. Kenya uwindaji ulipigwa marufuku 1977 kwa hivo haya yote ni ya kutoboa karatasi kwenye renji, yaani uwanja wa kulenga shabaha, iliyoruhusiwa, hakuna mnyama hapa. Bunduki bila cheti kutoka Bodi ya Leseni za Silaha ni jela, sheria ni ile Sura ya 114, na usidhani bunduki ya upepo ni toy, uliza Bodi kabla hujaagiza chochote. Na ukiwa wa Lamu unajua mwenyewe, ile barabara ya Mokowe, Witu mpaka Garsen vizuizi haviishi, cheti kiwe mkononi, bunduki iwe kwenye kasha imefungwa, bolti (kile chuma cha nyuma unachovuta kwa mkono kuingiza risasi) imetolewa, risasi mbali. Mwambie askari mapema kabla hajaiona mwenyewe. Haya, tuendelee.

Bunduki yenyewe

Ukinambia unataka bunduki ya shabaha yenye usahihi na ndo unaanza, jibu langu ni .22 ya bolti, ile ya risasi ndogo, na sitaki mjadala mrefu. Hii risasi ilitoka 1887 huko Marekani na mpaka leo ndo inafundisha watu wengi kulenga kuliko ingine yoyote. Haina teke, haina kelele ya kukutia uoga wa kufumba macho, bei yake inavumilika ukilinganisha na risasi kubwa. Kwenye Olimpiki bado wanapiga hiyo hiyo kwa mita 50, na duara la kumi pale katikati lina upana wa milimita 10.4, yaani jicho la samaki changu mdogo. Na wale hawatumii darubini kabisa, wanatumia vitundu viwili, cha nyuma na cha mbele. Nakwambia hivi ujue darubini haikupi usahihi, inakuonyesha tu ule uliopo.

Sasa usahihi unakaa wapi. Unakaa kwenye mtutu, chemba (pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa), triga, na vile chuma kimekaa ndani ya kitako. Watu wanapenda mtutu mnene wakidhani ndo siri. Mtutu mnene una uzito mbele, bunduki inatulia ukilenga, hiyo ni kweli, na kwa bunduki kubwa haupati joto haraka. Lakini .22 haipati joto la maana hata kidogo, na mtutu mwembamba uliotengenezwa vizuri utamshinda mnene uliotobolewa ovyo siku zote. Usinunue kwa unene, huu si mhogo.

Majina nisemayo mimi: CZ 457 ya Wacheki, Tikka T1x ya Wafini, na ukiwa na mfuko mzito basi Anschütz ya Wajerumani, hawa wako kwenye kazi hii tangu 1856 na bunduki zao utaziona zimejaa kwenye mashindano. CZ ndo naiambia watu wengi, triga yake unaweza kuirekebisha na mtutu unabadilika bila kuita fundi. Ukikuta ya mkono wa pili, iliyotunzwa, usione haya, .22 haichakai haraka, inaharibiwa na fimbo ya kusafishia na kutu zaidi kuliko risasi.

Ukienda kuangalia ya mkono wa pili fanya hivi. Hakikisha haina risasi, toa bolti, angalia kwa macho na upapase mdomo wa chemba kwa kidole, hata kama mwenyewe kakuapia kwa Mungu. Chungulia mtutu ukielekeza kwenye mwanga, ndani kuwe kunang'aa kama mkufu mpya, ukiona vishimo vyeusi hiyo ni kutu ya pwani, mpe kwaheri. Halafu ile midomo ya mtutu, pale risasi inapotokea, ndo mahali pa mwisho chuma kinaigusa risasi, mkwaruzo mdogo pale unaitupa risasi kando. Chukua pamba, izungushe polepole kwenye ule mdomo, ikinasa nyuzi kuna kijino. Halafu chukua noti au kipande cha karatasi, kipitishe kati ya mtutu na mbao ya kitako kutoka mbele kurudi nyuma. Kwa bunduki nyingi za shabaha mtutu hautakiwi kugusa mbao. Ikipita mpaka karibu na chemba vizuri, ikikwama mahali basi mbao inasukuma mtutu, na huku kwetu mbao ina maisha yake, masika inavimba, kiangazi inasinyaa, na kila ikihama na alama ya risasi inahama. Ndo maana mimi napendelea kitako cha plastiki ngumu au mbao za kubandikwa tabaka tabaka, hata kama hazipendezi picha. Mbao ya jozi (walnut) ya Ulaya ni nzuri lakini ile haijazaliwa kwa unyevu wa Shela.

Triga ivunjike kama kijiti kikavu, ghafla, bila kukokotwa kwenye mchanga. Nguvu ya kuivuta iwe chini ya kilo moja na nusu. Ukiivuta na unaona msalaba wa ndani ya darubini unatambaa kwenye karatasi, hiyo triga inakudai.

Na risasi jamani. Kila mtutu una mdomo wake, unapenda risasi yake, na mwenyewe hujui mpaka ujaribu. Nunua aina nne tofauti boksi moja moja, piga makundi matano ya risasi tano tano kwa mita 50, ukibadilisha aina piga kumi au kumi na tano za kuzoesha mtutu kwanza manake kila aina ina nta yake. Kundi la risasi tatu halina maana, hata babu yangu angepata tatu pamoja siku moja. Ukiipata aina inayopendwa, nunua boksi nyingi zenye namba moja ya toleo. Na usikimbilie zile zimeandikwa kasi kubwa. Risasi ya .22 ya shabaha inatoka karibu mita 320 kwa sekunde, chini ya mwendo wa sauti, makusudi. Zile za kasi zinaanza juu ya mwendo wa sauti halafu zinashuka kuuvuka njiani, hapo zinayumba, na cha kushangaza upepo unazisukuma pembeni zaidi kuliko za polepole. Nilipoambiwa hivo mara ya kwanza nilibisha. Nikaenda kujaribu siku ya kusi, nikarudi kimya.

Bunduki nzuri na risasi inayopenda, mita 50, tano ziwe ndani ya sentimita moja na nusu kutoka katikati ya tundu moja mpaka la mbali. Hiyo ndo watu wanaita dakika moja. Nyuzi moja ya duara imegawanywa sitini, kipande kimoja kwa mita 100 ni sentimita 2.9, kwa mita 50 ni nusu yake. Mtu akikwambia bunduki yake inapiga robo dakika kila siku, mwambie akuonyeshe karatasi zote za siku hiyo, sio ile moja aliyoweka kwenye simu.

Reli na ringi

Hapa ndo pesa iende. Angalia juu ya bunduki yako kuna nini. .22 nyingi zina mfereji wa milimita 11 umechongwa kwenye chuma chenyewe, ringi zinabana hapo moja kwa moja. Zingine zina matundu ya skrubu unafunga reli ya Picatinny, hii ndo ile yenye meno, jeshi la Marekani liliiwekea vipimo 1995, mitaro yake ina upana wa milimita 5.23 na inalingana yote. Kuna ndugu yake Weaver anafanana naye lakini mitaro yake ni milimita 4.57, kwa hivo ringi ya Weaver mara nyingi inakaa kwenye Picatinny, ya Picatinny kwa Weaver inagoma. Usilazimishe kwa nyundo, nimeona.

Bomba la darubini nalo lina saizi yake, inchi moja ambayo ni milimita 25.4, au 30, au 34. Ringi ya 30 kwenye bomba la 25.4 ukaweka kanda ya umeme katikati ili ijae... hapana, rudisha dukani.

Urefu wa ringi: shusha darubini iwezekanavyo, lenzi ya mbele isiguse mtutu, ibaki nafasi ya milimita chache, na bolti ipande bila kugonga. Lakini muhimu zaidi ni shavu. Ukilaza shavu kwenye kitako jicho liwe limefika katikati ya darubini lenyewe. Kama unainua kichwa kama kobe kutafuta picha, ringi ni ndefu au kitako ni kifupi, ongeza mto wa shavu.

Ukuzaji, kwa mita 50 na 100, mara tisa mpaka mara kumi na sita inatosha na inabaki. Juu ya hapo saa tano mchana Malindi utakuwa unaangalia sarabi ikicheza juu ya mchanga, duara linaogelea kama liko chini ya maji. Angalia pia darubini imetengenezewa umbali gani. Zile za bunduki kubwa nyingi zimewekwa sawa kwa mita 100 na kitu, kwa mita 50 ukisogeza jicho kidogo msalaba unahama kwenye shabaha japo bunduki haijatikisika. Tafuta ya .22 au yenye gurudumu la kurekebisha umbali pembeni. Na kama unafunga kwenye bunduki ya upepo ya springi, tafuta iliyoandikwa kabisa ni ya hiyo kazi, springi inapiga teke kwenda nyuma halafu mbele, darubini nzuri ya bunduki kubwa inaweza kuvunjika ndani.

Sasa tunafunga

Tandika kitambaa cheupe mezani, skrubu ikianguka uione. Toa bolti, angalia chemba tena. Vifaa: alen kii au biti zinazoingia sawasawa bila kucheza, bisibisi ya kupima nguvu kama unayo au kuazima, spiriti, pamba, pima maji ndogo, na timazi. Timazi nitaieleza.

Kabla ya kufunga, rudisha msalaba wa darubini katikati. Zungusha kitufe cha juu mpaka mwisho wa upande mmoja, halafu rudi ukihesabu kliki, ile milio midogo ya kitufe, mpaka mwisho wa pili, gawa kwa mbili, rudi hapo. Fanya na cha pembeni. Mtu aliyekuwa nayo kabla yako huenda alikiacha pembeni kabisa halafu wewe ukashangaa haifiki.

Kama unafunga reli: futa mafuta yote kwa spiriti, kwenye reli, kwenye chuma na ndani ya matundu. Mafuta ya kiwandani yakibaki, skrubu ndo ile inayolegea. Weka skrubu zote kwa vidole kwanza, halafu kaza kwa kupishana kama nati za gurudumu la gari, mbele nyuma mbele nyuma, mpaka nyutoni mita 2.3 mpaka 2.8 hivi kama karatasi ya mtengenezaji haijasema vingine. Tone la gundi ya nati, ile ya bluu tu, nyekundu utakuja kuifungua kwa moto. Halafu, na hii watu wanairuka, rudisha bolti uifunge na kuifungua. Skrubu ikiwa ndefu inaingia inagusa bolti, unaweza kuhisi inakwaruza. Ikikwaruza usipige risasi, kata skrubu au tafuta fupi.

Weka nusu za chini za ringi kwenye reli. Zisukume mbele kwa kidole gumba mpaka ziegemee jino la mbele la mtaro, ndipo ukaze. Sababu: bunduki ikipiga teke inarudi nyuma, darubini inataka kubaki pale ilipo, kwa hivo kama kuna nafasi itateleza kwenda mbele kidogo kidogo. Ukishaisukuma mbele haina pa kwenda.

Laza darubini ndani, weka vifuniko vya juu vilegee uweze kuisogeza. Sasa jicho. Fumba macho, weka bunduki begani kama unavyopiga kwenye renji, laza shavu, fungua macho. Kama picha imejaa duara lote hakuna weusi pembeni, hapo ndo mahali pake, mara nyingi sentimita 9 hivi kutoka jichoni. Weusi ukija, sogeza mbele au nyuma. Ifanye ukiwa umelala na ukiwa umekaa mezani pia, ukilala kichwa kinasogea mbele. Weka ukuzaji wa juu kabisa wakati unapima, hapo nafasi ya jicho ni finyu zaidi, ikikaa hapo inakaa kote. Kwa .22 hata ukikosea haitakuumiza, lakini bunduki kubwa ukiweka karibu sana itakupa alama ya mwezi mwandamo juu ya nyusi, mmoja wetu anayo na tukimuuliza anasema aligonga mlango.

Sasa timazi. Msalaba lazima usimame wima wakati bunduki imesimama wima, na macho yako yanadanganya. Mwanzo nilikuwa nafanya kwa macho, nikilenga nguzo ya umeme. Nguzo za hapa nani kakwambia ziko wima? Mjomba wangu ni fundi wa majahazi Matondoni, alikuja Malindi kwa arusi akanikuta barazani nimekunja uso, akauliza nafanya nini, nikamweleza. Akacheka, "Wewe mjomba, unapima ubao kwa nguzo iliyolewa?" Akatoa kwenye mkoba wake timazi ya shaba na uzi, kwake inakaa humo kama kofia inavyokaa kichwani. Tukaining'iniza kwenye tawi la mwarobaini, mita kumi na tano mbele, nyuma kuna ukuta wa kijani uzi ukaonekana mweupe. Tatizo ni upepo, uzi ukawa unacheza ngoma, nikasema haifai, akasema lete ndoo. Akaweka ndoo ya maji chini, timazi ikazama ndani ya maji, uzi ukatulia kama umechorwa. Kumbe ndo wanavyofanya siku ya kusi wakisimamisha mlingoti. Miaka yote hiyo sikuwahi kufikiria.

Basi bunduki iweke kwenye mifuko ya mchanga au kiti cha kushikilia, weka pima maji juu ya reli mpaka povu litulie katikati, halafu zungusha darubini ndani ya ringi mpaka mstari wa kusimama ukae juu ya uzi, mmoja juu ya mwingine. Kaza vifuniko kidogo, angalia tena pima maji, angalia uzi, manake ukikaza darubini inapenda kuzunguka nywele moja. Kaza skrubu kwa kupishana, robo raundi kila moja, nafasi kati ya kifuniko na ringi iwe sawa kulia na kushoto. Nguvu ya mwisho ni nyutoni mita 1.7 mpaka 2, ambayo kwa vipimo vya Marekani ni inchi-paundi 15 mpaka 18. Hapa gundi ya nati usiweke. Kama huna kipimo, shika alen kii fupi kwa vidole viwili, sehemu fupi ya mkono, kaza mpaka vidole viseme basi. Mimi ya kwanza nilikaza kwa ngumi, bomba likaingia ndani mstari wa ringi, gurudumu la ukuzaji likagoma kuzunguka. Iko kabatini mpaka leo, wanangu wanaangalia meli nayo.

Kama unauliza kwani kuinama kidogo kuna shida gani: .22 ukiisawazisha kwa mita 50, yaani risasi ipige pale msalaba ulipo, kwa mita 100 risasi itakuwa imeshuka karibu sentimita 25. Utapandisha kliki kama 34 kufidia. Msalaba ukiwa umeinama nyuzi tatu, hizo kliki zinakupandisha na pia zinakupeleka pembeni zaidi ya sentimita moja. Kwa mita 50 hutaona kitu, ukienda mita 100 utalaumu upepo.

Kuisawazisha

Usianze mita 50, utatafuta karatasi nzima. Anza 25. Toa bolti, bunduki kwenye mifuko, chungulia ndani ya mtutu kutoka nyuma mpaka uone duara la shabaha katikati ya tundu, halafu bila kuigusa bunduki zungusha vitufe mpaka msalaba nao ufike kwenye duara. Hapo risasi ya kwanza itakuwa kwenye karatasi.

Piga tatu, tafuta katikati yake. Kliki nyingi ni robo dakika, ambayo ni milimita 7 kwa mita 100, 3.6 kwa mita 50, na 1.8 kwa mita 25. Kwa hivo kama kundi liko sentimita 4 kushoto na 2 chini kwa mita 25, ni kliki 22 kulia na 11 juu. Zile zilizoandikwa moja ya kumi ya mili, kipimo kingine cha pembe, kliki moja ni sentimita moja kwa mita 100, hesabu rahisi zaidi, mimi ndo nazipenda. Halafu nenda mita 50, piga tano, rekebisha, piga tano tena. Usirekebishe baada ya risasi moja moja, utakuwa unaifukuza bunduki na bunduki inakufukuza.

Kundi likitawanyika tu bila mpango, simama. Usiguse vitufe. Shika darubini uipindishe kama nilivyofanya mimi kwa yule kijana, kisha skrubu za reli, kisha skrubu zinazoshika chuma kwenye kitako, kisha badilisha risasi. Darubini yenyewe ni ya mwisho kulaumiwa.

Na chagua saa. Upepo wa mwendo wa kilomita 16 kwa saa, ule unaopeperusha leso kwenye kamba tu, ukikupiga ubavuni unaisukuma .22 karibu sentimita 3 kwa mita 50, na kwa mita 100 ni karibu 12, mara nne sio mara mbili. Kusi ya Julai inazidi hapo bila jasho. Mimi nasawazisha asubuhi umande ukiwa bado wa upande wa bara na mwepesi, kabla saa tatu, au kipindi cha tanga mbili. Ukisawazisha alasiri ya kaskazi umesawazisha na upepo ndani yake.

Chumvi

Pwani hii chuma kinaliwa hata ukikitazama. Ukitoka renji futa mtutu kwa nje, reli, ringi na vichwa vya skrubu kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, jasho la kiganja ni chumvi tupu. Bunduki usiiache kwenye lile kasha lenye sponji baada ya safari, sponji inakunywa unyevu halafu inaukumbatia mtutu, wiki mbili utakuta madoa ya rangi ya chai. Kasha ni la safari. Nyumbani ikae kwenye sefu, na vile vipakiti vya kunyonya unyevu uvikaushe kila baada ya muda. Lenzi usifute kwa kanzu, vumbi la hapa ni mchanga wa matumbawe, puliza, piga brashi laini, ndo ufute.

Cha mwisho, muombe mke au dada rangi ya kucha. Weka mstari mwembamba kutoka kichwa cha kila skrubu kuingia kwenye ringi, na mmoja pale bomba linapoingia kwenye ringi ya nyuma. Skrubu ikizunguka au darubini ikiteleza, mstari unakatika unaona kwa macho kabla hujapiga hata moja. Yule kijana nilimuwekea nyekundu. Jumamosi iliyofuata alipiga tano, shilingi ya kumi ingezifunika zote, akasahau kabisa habari ya kuuza darubini. Sasa anataka nimwazime timazi na mjomba naye kanipigia simu kutoka Matondoni anaiulizia.